Mama na Mama Mdogo Chini ya Daraja

Lidcombe, Sydney,
Australia.
14 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Khamis,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe na wote mlio nyumbani hapo Ngamiani. Presha inasemaje siku hizi? Na lile jicho, daktari amekuruhusu kusoma? Kama bado, mpe mtu akusomee, lakini si mbele ya wageni, maana barua hii ina kesi yako ndani.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imekaza. Mama anavaa soksi jozi mbili na bado anailaumu serikali. Mimi ghalani naendelea. Nimerudi kazini wiki mbili sasa, na shifti za alfajiri hazikunionea huruma hata kidogo.

Najua tulipotoka Sweden Mama alikupigia simu akasema "safari ilikuwa njema", akakata. Hakukwambia kitu. Ngoja nikusimulie mimi.

Chanzo unakijua. Miaka tisa iliyopita, Bibi alipofariki, mama mdogo Umi alikuwa Gothenburg anangoja karatasi zake za ukaazi. Angetoka asingeweza kurudi. Mama alifika matangani kutoka Sydney, asimwone mdogo wake, akasema kwenye simu watu wote wakisikia: "Anayempenda mama yake hupata njia." Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mimi na Lina, binti yake mama mdogo, tukawa tunazungumza kwa kujificha kama wezi.

Lina alipojifungua mwezi wa tatu, tukapata sababu ya kuwakutanisha. Mama alikubali kusafiri kwa sharti: "Naenda kumwona mjukuu. Bibi yake simwendei."

Uwanja wa ndege walipeana mikono kama mawaziri wa nchi mbili. Nyumbani wakakaa meza moja, lakini maneno yote yakawa yanapita kwangu.

"Imad, mwambie mama yako mdogo chai haina sukari."

"Imad, mwambie mama yako sukari iko mbele yake."

Siku tatu, Mjomba! Nilikuwa nageuza shingo huku na huku mpaka ikaniuma.

Mama mdogo amekuwa Mswidi kabisa kwa saa. Alibandika ratiba kwenye friji: saa tatu na dakika kumi tramu, saa nne kasoro tano sokoni. Mama aliisoma, kisha akaingia kuoga kwa muda wa saa nzima, makusudi.

Hilo soko ni la samaki, ila jengo lina umbo la kanisa. Mama akagoma mlangoni. "Nimeruka masaa ishirini na kitu kuja kupelekwa kwa mapadri?" Upepo ukamletea shombo. Akaingia wa kwanza, akamwamuru muuza samaki amfunulie mashavu ya kila samaki aone kama ni mbichi. Lina akawa anatafsiri huku amegeuka mwekundu. Yule mtu alifunua samaki tisa.

Kutoka hapo tukapelekwa uwanjani penye sanamu kubwa ya shaba, jitu la baharini lililosimama uchi wa mnyama, samaki mkononi. Mama akajifunika uso kwa mtandio, akasema astaghfirullah mara tatu. Halafu nikamwona ameacha jicho moja nje.

"Muulizeni mwenyeji wetu," akasema, "huyo samaki ni wa aina gani?"

Mama mdogo akapaliwa na kicheko, akajifanya anakohoa. Mama alisikia. Hakugeuka, lakini alisikia.

Siku ya nne tukapanda mashua ya kuzungusha wageni mjini, isiyo na paa, inayopita mferejini. Kulikuwa na binti mwenye kipaza sauti anayeeleza majengo. Tukakaribia daraja moja la chini sana, binti akatangaza kwamba kila mtu ashuke kwenye kiti, akae chini sakafuni, la sivyo atagongwa kichwa. Watu wote wakashuka. Mama akabaki amekaa wima kama malkia.

"Mimi ninamwinamia Mungu," akasema. "Daraja siliinamii."

"Mama, tafadhali!" nikamlilia. Daraja likawa linakuja. Niliona lile jiwe likilingana na kilemba chake.

Ndipo mama mdogo akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Tanga: "Dada! Kichwa chako!" Akamshika mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote. Mama akaanguka juu yake, wote wawili wakajaa sakafuni katikati ya viti, na daraja likatupita juu kiasi cha shubiri moja.

Tulipotokea juani watu wakainuka. Wao hawakuinuka. Magoti yalikataa. Mimi navuta huku, Lina anasukuma huku, na mtalii mmoja mzee akajitolea, akaambiwa na Mama asimguse. Tukawaacha walipo. Mama akawa anamtazama mdogo wake kwa karibu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Umezeeka, Umi," akasema.

"Na wewe umekuwa mzito, dada."

Kisha Mama akasema kwa sauti ya chini, "Angalau ulikuwa unaniletea salamu kila Ijumaa. Hilo nilikuwa nalishukuru."

"Salamu zipi?" mama mdogo akauliza. "Wewe ndiye uliyekuwa unanisalimia. Kaka Khamis alikuwa anazifikisha."

Mjomba, hapo nilitega masikio.

Wakaanza kulinganisha. Kumbe Mama aliambiwa kwamba mdogo wake kamwota amevaa kanga ya Bibi. Kumbe mama mdogo aliambiwa kwamba dada yake humwombea dua kila alfajiri kwa ajili ya mguu unaomuuma. Miaka tisa, kila Ijumaa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutuma neno!

Mama akamshika mdogo wake mkono. Kisha akasema, "Siku ile ya matanga nilikosea, Umi. Nilikuwa na uchungu nikautupa kwako. Nisamehe."

Mama mdogo akamwegemea begani, akalia, na Mama akamfuta machozi kwa ule mtandio. Yule binti akatangaza daraja la pili, watu wote washuke tena. Mama akampungia mkono pale pale sakafuni: "Washushe hao wengine. Sisi tupo tayari."

Walivyocheka, mashua ilitikisika.

Sasa kuhusu kesi yako. Mama anasema uongo ni uongo. Mama mdogo anasema dini humsamehe anayepatanisha watu. Wameshindwa kukata shauri, kwa hiyo wanakuja wote wawili mwezi wa kumi na mbili kukuhoji uso kwa uso. Nakushauri ukiri mapema. Binafsi nakuheshimu kuliko zamani, na ningependa uniambie siku moja jinsi ulivyokuwa unayatunga, na kama hukuwahi kuchoka.

Huku kwetu siku hizi, saa kumi na mbili jioni Mama akila chakula chake, kwa mama mdogo ni saa nne asubuhi, anakunywa chai. Ndipo simu inapoanza. Jana waligombana dakika arobaini juu ya bizari ya pilau: ikaangwe kwanza au isikaangwe. Mama alikata simu kwa hasira. Nilisimama jikoni na sahani yangu, nikasubiri. Haikupita dakika mbili akampigia mwenyewe, kumwambia jambo alilolisahau.

Nisalimie mke wako, binamu zangu wote, na jirani Bi Mwanakombo. Lina anakubusu mkono, na mtoto wake angekusalimu kama angekuwa na meno. Mungu akutie nguvu mwilini, akulindie macho, na akuzidishie kila jema ulilotutakia.

Mimi mpwa wako nikupendaye sana,

Imad