Kwa Mama Yetu Somoe, Kungwi Aliyeonyesha Kovu

Mwaka umetimia, mama, tangu asubuhi ya tarehe 9 Mei 1974 ulipotuaga hapa nyumbani Nanyamba. Uliagiza tusije tukasema ulikufa kwa "ugonjwa wa muda mrefu". Basi tunaandika wazi: ilikuwa saratani ya titi.

Kwa miaka ishirini wazazi walikuletea binti zao uwacheze unyago. Uliwafundisha wasiuonee haya mwili wao. Lakini uvimbe ulipokutokea wewe, uliufunika kwa kanga miezi saba. Ulihofu kwamba kungwi akiugua titi, wali, wasichana wa kuchezwa, hawataletwa kwake tena. Siku binti yako Zuhura alipokuwa anakusugua mgongo akauona, ulimwambia, "Ukimwambia baba yako, sikupi radhi." Alimwambia. Radhi ulimpa baadaye, tena ukicheka.

Daktari alisema uende Dar es Salaam, titi lote likatwe. Ulilia siku mbili. Siku ya tatu ulituita mkekani ukagawa kazi. Mwanao Rashidi apalilie mikorosho. Zuhura, ukirudi, achemshe vitambaa vya kidonda na kuvianika juani. Baba apike.

"Mimi?" akauliza baba.

"Wewe, Mzee Ismaili. Ugali haung'ati."

Uliporudi na meli, mtani wako Ussene alikupokea mlangoni. "Somoe, sasa utatembea umeinama upande mmoja kama mpapai!"

"Wewe umezaliwa umeinama, wala hukukatwa."

Hapo tukajua umerudi kweli. Ugali wa baba ulikuwa na madonge, ukaula wote.

Mkono ulikuwa haunyanyuki. Kila asubuhi uliukweza kwenye mwimo wa mlango, na Rashidi akaweka alama ya mkaa pale vidole vilipoishia. Kuna siku alama haikupanda. Ulisema, "Iache hapo hapo, kesho tutaonana nayo." Ilichukua wiki tisa kufika juu. Alama hizo hatujazipaka chokaa.

Msimu wa unyago ulipofika, ulikwenda. Yanayosemwa ndani hayatoki nje, na wanaume wa nyumba hii hawaulizi. Ila hili moja uliruhusu litoke: ulifungua kanga mbele ya wali na mama zao, ukawaonyesha kovu. "Nilificha miezi saba. Msiniige."

Wiki ile ile alikuja Esperanca wa Kitaya, ambaye binti yake ulikuwa unamcheza. Alisimama uani, mkono kifuani. "Mama, na mimi ninao uvimbe. Mwezi wa pili sasa." Hukumlaumu. Ulivaa kanga, mkapanda lori, ukampeleka hospitali wewe mwenyewe. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo.

Wako ulirudi, safari hii mapafuni. Hukutuficha hata siku moja, na kila mtu aliijua kazi yake. Uliondoka ukiwa umeshika mkono wa baba, Zuhura akikusomea Yasini.

Wanakukumbuka mumeo Mzee Ismaili, ambaye ugali wake siku hizi hauna madonge, wanao Rashidi na Zuhura, wajukuu, wali wako wote, na Ussene, ambaye hajapata wa kumjibu.

Anakukumbuka pia Esperanca. Juzi alikuja kutusaidia maandalizi ya hitima. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wa upande aliokatwa, akaigusa alama yako ya juu kabisa.

Hatutakusahau kamwe, mama.