Mchumba Aliyenawa Dirishani

Vwawa, Jumamosi

Chuoni nilimcheka tajiri mmoja wa riwaya tuliyosomeshwa, ambaye fedha zilimfundisha kujipenda, na kujipenda kukamfundisha kuoa mke kama mtu anunuavyo kioo.

Leo mchumba wa mdogo wangu Neema, mnunuzi wa dhahabu kutoka Mkwajuni, alikuja nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha; akakataa kushuka garini asije akachafua viatu. Mama akampelekea maji ya kunawa dirishani. Mama yangu amesimama topeni, naye mgeni amenyoosha vidole nje ya dirisha.

Nilimwambia Neema kwamba mtu huyu nimekwisha kumsoma, na mwisho wake naujua: mke hugeuzwa pambo.

"Kaka, huyo wako yumo kitabuni," akanijibu. "Wangu ananichekesha kila siku. Kesho unyamaze tu."

Kesho washenga wanakuja, na baba ameniteua niwajibu kwa niaba ya ukoo. Nimewahi kuhutubia umati, lakini jibu hili moja linanishinda. Nikisema, Neema hatanisamehe; nikinyamaza, huenda akageuzwa pambo.

Nimeifungua tena riwaya, nikitafuta ukurasa mmoja tu ambapo tajiri yule anamchekesha mkewe. Sijaupata bado. Natamani niupate.