Tumbo Lako Lilisema Kabla ya Kifua

Mpendwa kifungua mimba wangu,

Juzi daktari mmoja alisema redioni, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mukovisidozi ni ugonjwa wa Wazungu. Na mtoto akikohoa tunatibu kifua. Tumbo ni habari nyingine." Nilikuwa uani na dada yako mkononi. Ana wiki nane, hukumjua. Nilizima redio nikaanza kumjibu yule bwana huku natembea kati ya mlango na pipa la maji ya mvua, mpaka mama yako akauliza, "Papa, unagombana na nani?"

Nagombana kwa ajili yako, ingawa nimechelewa.

Ugonjwa wa Wazungu, anasema. Huu ni ugonjwa wa kurithi. Ute wa mwili unakuwa mzito kama gundi, unaziba mapafu, unaziba na njia za kumeng'enya chakula. Mtoto anaupata pale baba na mama wote wawili wanapompa kasoro ileile, ambayo wao wenyewe hawaioni mwilini mwao. Kwetu haujulikani kwa sababu hautafutwi. Mtu asiyekanyaga shamba anajuaje kwamba halina magugu?

Na tumbo, anasema, ni habari nyingine. Wewe ulikuwa unamkanusha kila siku ndani ya nepi. Choo chako kilikuwa na mafuta, na harufu yake ilimfikia jirani. Ulinyonya kwa njaa ya mpasua mbao, lakini mizani ya kituo cha afya haikusogea. Siku ya kupima watoto, muuguzi alimgeukia mama yako mbele ya benchi lote: "Mama, mutoto iko na bwaki. Chakula unakula peke yako?" Wanawake wakacheka. Bwaki ni ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula. Huku kwetu ni tusi pia kwa aliyemzaa. Mama yako alirudi nyumbani, akakulaza, akaanza kufua vitu vilivyokuwa safi.

Bibi yako peke yake ndiye aliyegusa penyewe. Alishuka kutoka Kibumba na viazi vyake, akakubusu kipaji cha uso, akalamba midomo yake.

"Huyu mutoto iko na chumvi."

"Mama, jasho ya kila mutu iko na chumvi."

"Hapana sawa hii. Nimelea saba. Wewe unasoma bitabu mingi, onja basi."

Sikuonja. Niliona haya, mtu mzima, msomaji, kumlamba mtoto. Jasho lenye chumvi kupita kiasi ni alama kubwa ya ugonjwa huu, na mkulima wa viazi aliishika kwa ulimi wakati mimi nilikuwa nacheka.

Kisha nikafanya makosa mawili, na nayaandika ili nisijifiche nyuma ya mtu wa redioni. Niliamua kwamba mafuta yale ya choo chako yalitoka kwenye maziwa ya mama yako, nikaamuru uachishwe kunyonya ukiwa na miezi mitatu. "Papa, acha anyonye," aliniambia. "Kitu yenye anapenda ni hii tu." Nilimjibu kwa hotuba. Na kila ulipokohoa nilikimbia farmasi ya kona, nikarudi na siro, dawa ya maji ya antibiotiki, bila karatasi ya daktari. Chupa ya nne, ya tano, ya sita. Nilijiona baba anayewahi. Nilipokupa kijiko ulishika kidole changu cha mwisho na kunitazama, kama watu wawili wanaofanya kazi moja. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Nimesoma tangu hapo. Ndani ya utumbo wa mtoto mchanga kuna bakteria wema, na baadhi yao hulishwa na maziwa ya mama. Ndio wanaoufundisha mwili ni nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha, na mafunzo hayo yanafika mpaka mapafuni. Mtoto mwenye ugonjwa wako mara nyingi huanza maisha na wachache wa hao, na antibiotiki huwapunguza zaidi. Watafiti wanaona kwamba wanaonyonyeshwa huelekea kuwa na kifua kilichotulia zaidi. Bado wanabishana kuhusu sababu, na siwezi kusema kwamba chupa zangu zilikuua. Siwezi pia kusema kwamba hazikukudhuru. Uliondoka ukiwa na miezi kumi na moja, na jina la ugonjwa lilitajwa na daktari wa watoto aliyekupokea wiki ya mwisho. Hukuwahi kupimwa.

Dada yako nilimwonja akiwa na siku tisa. Chumvi. Tulivuka mpaka wa nchi, jasho likapimwa hospitalini, jibu likawa lile tuliloliogopa. Sasa anapewa vimeng'enya, dawa ya kulisaidia tumbo kusaga chakula, kabla ya kunyonya, na ananyonya. Jumatatu alianza kukohoa. Miguu yangu ilikuwa imeshafika barabarani, kuelekea farmasi, mama yako akasimama mlangoni, mtoto akinyonya.

"Leo hauendi huko."

"Anakohoa."

"Nasikia. Twende kwa dokta, na utanyamaza njia yote."

Nilinyamaza. Daktari alichukua ute wa kooni, akachagua dawa moja kwa siku alizozihesabu, akasema maziwa yasikatwe hata saa moja. Tangu hapo sikai chini. Nasikiliza kifua, natazama nepi, narudi kifuani. Kikohozi kimoja, natulia; cha pili, nasimama tena. Nimekukumbuka zaidi wiki hii, mwanangu, kuliko wiki ile tuliyokuzika. Pumzika. Mimi bado sijaruhusiwa.

Na ninyi wauguzi mnaopima watoto, hapa Goma, Kibumba, mpaka Kalengera: akija mtoto anayenyonya kwa njaa na uzito hausogei, msimwaibishe mama yake, wala msimwambie aache kunyonyesha. Mwonjeni mtoto kipaji cha uso. Akiwa na chumvi nyingi, mwandikieni karatasi ya kwenda kwa daktari wa watoto siku hiyohiyo, na aende akiwa kwenye ziwa la mama yake.

Baba yako