Fahali kwenye Kabati la Kifaransa

Baba Shija, mume wangu,

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya kijiji kufuata barua ya mjukuu wetu, nikalikuta lile kabati la Kifaransa bado limesimama ukutani. Nikalipapasa mbele za watu. Karani akanitazama kama bibi aliyepotea njia, nami nikacheka. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba kabati lile ndilo lililoniozesha?

Unakumbuka lilivyofika. Tulikuwa ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, na mzungu mmoja wa kinu cha pamba kule Maswa alipofunga virago aliliacha, urithi wa bibi yake Mfaransa. Likaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe litunze kadi na mihuri ya kijiji. Lilikuwa na miguu myembamba iliyonyooka, marumaru juu, na mbele picha: nguzo za majumba ya kale, mashada ya maua, msichana akichunga mifugo. Wote walidhani imepakwa rangi. Wewe ulilowesha kidole mate, ukasugua.

"Hapa hakuna rangi," ulisema. "Ni mbao tupu. Vipande vyembamba kama ukucha, kila kimoja na mti wake."

Nilikuwa nakupenda tayari. Siku ile nilizidi.

Ila baba yangu alikuwa amekwisha kukukataa mara mbili. "Fundi wa mipini ya majembe!" alifoka. "Binti yangu atakamua jembe?" Akasema pamba ikishavunwa ananioza kwa mtu wa Mwanhuzi mwenye zizi lililojaa. Nililia mpaka mama akaficha leso zake.

Ndipo joto letu likaibandua picha. Mbuzi mmoja pembeni mwa yule msichana akadondoka vipande vipande, vikafagiwa na taka. Mwenyekiti akakuita uzibe pengo kabla mgeni wa wilaya hajafika. Mbuzi wa Kifaransa hukuwahi kumwona, ukaamua kuweka unachokijua. Ulikata mninga kwa mwili, mpingo kwa mabaka, ukachemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe mpaka kijiji kizima kikalalamikia harufu. Akatokea fahali mwenye nundu, amesimama katikati ya nguzo za Ulaya kama mwenye nyumba.

Siku ya mkutano wazee wakajazana ofisini kumwona. Baba akainama, akamkagua toka pembe hadi mkia. Mimi nilikuwa dirishani na wanawake wenzangu.

"Nani kalileta dume langu humu?" baba akauliza.

"Ni mimi, baba," ulijibu, sauti imekauka.

"Ulilionea wapi?"

"Kwako, nilipokuja kuposa."

"Kumbe ulikuja kumtazama binti au ng'ombe?"

"Wote wawili, baba."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Baba akajinyoosha, akasema mtu anayemjua ng'ombe hivyo hatashindwa kutunza mke. Ulete hao wachache ulio nao, wengine watazaliwa. Nilipiga vigelegele kabla sijaruhusiwa, mama akanifinya.

Mpaka uzeeni ulijisifu kwa kila mgeni: "Mkwe wangu alimtambua fahali wake kwa mkono wangu!" Nami nikamimina chai, nikanyamaza. Nakupenda sana, Baba Shija, na nyumba haina raha bila majigambo yako. Sasa ngoja nikwambie.

Miaka mingi baadaye nilimpelekea baba maziwa, tukakumbuka siku ile. Akacheka mpaka akakohoa. "Dume langu lilikuwa na baka bega la kulia," alisema. "La mumeo liko kushoto." Bila shaka ulichora nyuma ya kibao, ulipokigeuza kukibandika kila kitu kikahamia upande wa pili. Baba, aliyewajua ng'ombe wake hata kwa hatua zao, aliliona kosa palepale.

"Sasa mbona ulisema ni lako?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unalia kila siku, mwanangu. Nami nilishasema hapana mara mbili mbele ya watu. Nilikuwa natafuta mahali pa kushukia."

Pumzika vyema, mzee wangu. Ukikutana naye huko, endelea kujisifu. Hatakukosoa.

Mkeo,
Mama Shija