Baiskeli Yako Imepanda Mlima, Mama

Mama yangu,

Leo nimepanda mlima wa barabara ya Bururi juu ya baiskeli yako, na magunia ya ndagala, dagaa wetu wa ziwa, nyuma, bila kuisukuma hata hatua moja. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu najua wewe ungeiuliza kwanza, kisha ndiyo ungepokea salamu. Basi sasa nakusalimu. Sisi tuko wazima. Nyumba bado ina harufu ya ndagala, na mimi sijaiosha kwa nguvu, makusudi.

Nikuambie tangu mwanzo.

Ulipoondoka, watu walijaa mpaka barabarani. Tulipotoka makaburini Baba mdogo Hasani alikaa na wazee uani, na nikiwa ndani nikamsikia anasema habari ya kinga, kama wote tunavyoiita baiskeli hapa Rumonge. Alisema, "Mama yao amekwenda. Iyi kinga ni chuma tu sasa. Tuiuzishe." Nikatoka nikasimama mlangoni na kitambaa kichwani. Sikumjua mtu aliyekuwa anaongea kwa mdomo wangu. Nilisema, "Baba mudogo, niachie mpaka arobaini ya Mama." Hakutaka ugomvi mbele ya wageni. Akasema sawa, lakini baada ya hapo nitafute kazi au niolewe, kwa sababu ufundi wa mekanike niliousomea haujaniletea hata sahani ya wali.

Sikuwa na mpango wowote, Mama. Sikutaka tu kuiona inatoka kwenye ukuta wetu.

Unakumbuka likizo zangu za shule? Ulikuwa unanunua ndagala ufukweni Magara asubuhi, zile zilizokauka vizuri kwenye mchanga, na siku ya soko la juu tunaondoka pamoja. Ukifika chini ya mlima unashuka, unafunga kitenge upya, unaanza kusukuma. Mimi nyuma nasukuma gunia. Wanaume wa kinga walikuwa wanangoja lori lipite polepole, wanashika nyuma kwa mkono mmoja, wanavutwa mpaka juu huku wanatucheka. Uliwahi kuniambia, "Mimi sishike mukia ya lori. Siku breki ikikatika, nani atakulea?" Hukushika hata siku moja. Nilichokuwa nakiona mimi, mlima mzima, ni visigino vyako. Vilikuwa na nyufa, na mchanga wa Magara ndani ya nyufa.

Daktari aliponieleza kwamba moyo wako ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, sikumuuliza swali. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako.

Tangu uende, esansi, hiyo petroli, imezidi kuwa ngumu kupatikana. Pikipiki zimelala kwenye foleni mpaka vumbi limezifanya za rangi moja. Pwani ndagala ziko nyingi na hakuna wa kuzipandisha. Huko juu watu wanakula maharage bila kitoweo kingine. Nikampigia simu Shabani, mtoto wa mjomba, yule wa Kigoma anayetengeneza baiskeli za umeme. Nilitaka tu kulia na mtu. Nilipomaliza kulia akaniuliza, "Ile kinga ya Shangazi, chuma yake ingali nzima?"

Akanieleza habari ya mota. Nyingine zinakaa ndani ya gurudumu, akasema, hizo ni za mahali tambarare. Hii inakaa katikati, palepale pedali zinapopita, na inavuta mnyororo uleule unaovutwa na miguu. Kwa hiyo inatumia vitesi, zile gia za baiskeli. Ukiweka vitesi nyepesi, mota haihangaiki, inapanda na mzigo kama mbuzi anavyopanda mwamba. Nilisikiliza nimesimama katikati ya uwanja, jua la utosi, na nilisahau kuingia ndani.

Wanawake wenzako wa Magara ndio walioinunua, Mama. Zamu yako ya kirimba ilikuwa imekaribia, ule mchango mnaopokezana. Mimi nilidhani imekufa na wewe. Mama Zubeda alikuja nyumbani na wenzake wawili, wakaweka bahasha juu ya mkeka, akasema, "Hii iko ya mwenzetu. Fanya kitu chenye angekipenda." Shabani akaongeza chake. Mota ikaja kwa boti la mizigo kutoka Kigoma, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, na betri yake pembeni.

Nikaipeleka kwa Fundi Jumaini, karibu na bandari, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaziba matairi yako na ndiye mwenye vifaa vyote. Aliigeuza ile mota mikononi, akasema, "Iyi itakata mnyororo kama uzi." Lakini hakunifukuza. Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa mhimili wa pedali, na haukutaka kutoka. Ulikuwa umeshikana na kutu ya miaka yako yote. Tulitia mafuta ya taa, tukangoja, tukagonga, tukatia tena. Ulipotoka, Jumaini aliufuta kwa kitambaa akanipa mkononi. Ulikuwa umelika upande mmoja, upande wa mguu wako wa kulia. Nikaenda kusimama nje kidogo.

Kisha nikasugua tundu ndani kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, na mota ikaingia. Tukaikaza. Gurudumu la nyuma tuliliunda upya, na spoku nene na vitesi tulizozitoa kwenye baiskeli ya mlima iliyokufa zamani. Betri nikaifunga ndani ya pembetatu ya fremu. Siku ya kuijaribu nilikaa, nikabonyeza, na mnyororo ukakatika hapohapo mbele ya mlango. Jumaini alicheka akashika ukuta. "Nilikuambia nini?" Akaingia ndani akatoka na mnyororo mwingine, mzito. Mara ya pili mnyororo ulishika, lakini mota yenyewe ilijipinda mahali pake, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa kubwa kuliko bolti zetu. Nikachora kipande cha chuma cha kuishikilia kwenye fremu, Jumaini akakichomelea. Mara ya tatu, Mama, niliondoka pale mlangoni na kufika karibu na msikiti kabla sijakumbuka kupumua.

Nilirudi nacheka peke yangu. Jumaini hakucheka. Alisema, "Kupanda si kitu. Utashukaje?" Tukatoa zile breki zako za fimbo tukaweka za waya, mbele na nyuma, na kila mkono wa breki una kiswichi kidogo kinachozima mota ukiugusa. Tulikaa na hizo breki muda mrefu kuliko tulivyokaa na mota.

Arobaini yako ilikuwa nzuri. Wali ulitosha, dua ilikuwa ndefu. Watu walipoanza kuaga, Baba mdogo akaiona baiskeli imeegemea ukutani. Akaizunguka. Akagonga ile mota kwa ukucha. "Umetia sufuria kwenye kinga," akasema, na watu wakacheka. Mimi nikamwambia inapanda mpaka soko la juu. Akanitazama vizuri, halafu akasema mbele ya mashangazi wote, "Basi, siku ya soko uende nayo na mzigo. Mimi nitakuwa kwenye lori, nikuone. Ukishuka kuisukuma hata kidogo, jioni naiuzisha. Ukifika juu, sitaisema tena." Nikasema ndiyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya soko.

Nilifika chini ya mlima na magunia yamefungwa kwa mipira. Lori la kwenda Bururi likaja linaguna, wanaume wa kinga wameshika nyuma kama kawaida yao, na Baba mdogo ndani, kiwiko dirishani. Nikaweka vitesi nyepesi kuliko zote. Nikakanyaga, na mota ikanipokea. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu ameweka kiganja mgongoni mwako na kusema twende. Nilipanda ubavuni mwa lori. Mwanaume mmoja akaniuliza kwa sauti, "Mama, esansi unaitoa wapi?" Nikamjibu, "Sina." Wakacheka, lakini safari hii walikuwa wanacheka na mimi.

Halafu, palepale mlima unapokuwa mkali, kwenye ile kona yenye udongo mwekundu, mota ikazima.

Nilisimama. Mguu mmoja chini, magunia yananivuta nyuma, breki zote mbili nimezishika. Lori likanipita. Nilimwona Baba mdogo anageuza kichwa dirishani, na uso wake, nikuambie kweli, haukuwa wa mtu aliyefurahi. Wanawake waliokuwa wanatembea na mizigo kichwani wakasimama. Mmoja akaniambia kwa Kirundi, "Komera," yaani jipe moyo. Mwingine akaweka chini kapu lake aje kunisukuma. Nikamwomba asiniguse. Nilimwambia nikisukumwa nitanyang'anywa. Hakuelewa, lakini akachukua jiwe akaliweka nyuma ya gurudumu, na mikono yangu ikapata nafasi.

Betri ilikuwa imejaa. Taa zake ziliwaka zote. Basi si njaa, nikajiambia, mota imeambiwa isimame. Nikafuata waya kwa kidole, kutoka kwenye usukani kurudi nyuma. Ule mpira wa mzigo ulikuwa umeteleza kwa mtikisiko, umeukamata waya wa breki ya nyuma na kuuvuta. Kile kiswichi cha breki kilidhani mimi nimeshika breki. Mota ilikuwa inatii, masikini. Nikafungua mpira, nikaufunga upya mbali na waya, nikapanda kwenye kiti. Yule mama akatoa jiwe.

Mama, ikaondoka. Mlima mkali, mzigo mzito, kutoka kwenye kusimama kabisa, ikaondoka. Nilisikia wale wanawake nyuma yangu wanapiga vigelegele. Nikakanyaga pedali ingawa mota ilitosha, kwa sababu miguu yangu ilikataa kukaa bure. Lori nililikuta karibu na kilele, linatoa moshi. Nikalipita upande wa dirisha la Baba mdogo. Sikumtazama. Nilitazama mbele, na mbele hakukuwa na visigino vya mtu.

Sokoni mteja wako wa siku zote, Mama Esperansi, alikuja na mikono imefunguka. "Amahoro, Mwamini." Akanishika uso, akalia, nikalia. Halafu akanivuta mpaka mahali pako, kando ya wauza muhogo. Palikuwa wazi. Tangu ufe hawakumruhusu mtu kupanga bidhaa pale. Alisema, "Tulijua mutu wa kwako atakuja." Nikatandika gunia. Ndagala zikaisha kabla jua halijawa kali, na wengine walikuja kuitazama baiskeli tu, wakaishika, wakauliza inakula nini. Nikawaambia inakula jua, kwa sababu tunaichaji kwa paneli ya jua iliyo juu ya bati letu.

Baba mdogo alifika amejaa vumbi. Alishika usukani, akabonyeza breki moja moja. Nilijitayarisha kwa maneno. Akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Iyi kinga iko ya mutoto. Haiuzwe." Kisha akaniinamia sikioni, "Nifundishe na mimi. Lakini tuanze na breki."

Nilishuka peke yangu, polepole. Kwenye ile sehemu ambapo ziwa linafunguka lote, na milima ya Kongo ng'ambo, nilisimama pembeni. Hapo ndipo uliponihitaji… hapana. Hapo ndipo mimi nilipokuhitaji. Furaha ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, Mama. Niligeuka nyuma nikusemeshe. Kweli kabisa, niligeuka.

Basi nimekuja nyumbani kukuandikia.

Jumaini amehamisha matairi yake mabovu kunitengenezea nafasi kwenye karakana, na mteja akiuliza habari za mota anasema, "Muulize Mwamini, mimi ni wa kuchomelea tu." Mama Zubeda tayari ameleta kinga ya marehemu mume wake. Baada yake kuna mwingine wa Magara, na jioni hii mtu amepiga simu kutoka Nyanza-Lac. Shabani anasema atakuja mwenyewe na boti lijalo.

Pumzika sasa. Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako na aliangaze, na akupe njia tambarare huko uliko. Nakuahidi hivi: maadamu mikono yangu ina nguvu ya kukaza bolti, wanawake wenzako wataupanda ule mlima wamekaa, mgongo wima, na watafika juu wakiwa bado na pumzi ya kuimba.

Kwaheri, Mama. Mimi naendelea.

Mwamini wako
Rumonge