Mapumziko Hayana Aibu

Kendi mjukuu wangu,

Pokea salamu za Kibirichia. Tuko wazima, viazi vimekubali, na mama yako, huyo niliyemzaa mimi, sasa ni mwalimu mkuu. Niliwaonyesha akina mama wa kanisa picha ya gari ulilokodi, lenye kitanda na jiko, huko Afrika Kusini, pwani yenye mashamba ya zabibu za mvinyo. Mmoja akauliza, "Kwani amefukuzwa nyumba?" Nikamjibu, "Yako imewahi kutembea?"

Unaniuliza kama ukatize likizo, maana unaona haya kukandwa mgongo na kuonja mvinyo wakati sisi tunavuna. Hata mimi niliona haya hivyo. Nilipomzaa mama yako, desturi ilikuwa nikae ndani nilishwe njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji. Siku ya sita nikatoroka na jembe, nionekane mchapa kazi. Mama mkwe akanikuta shambani. Hakugombana. Alichukua jembe, akanirudisha, akaniogesha maji moto. "Hata shamba tunalipumzisha," akasema, "na hakuna anayeliita mvivu." Nililala mpaka jioni, na viazi vikavunwa bila mimi.

Vya sasa pia vina wavunaji. Peke yangu nawashinda wasichana watatu. Usirudishe hilo gari mapema. Ukandwe hata miguu.

Ni mimi cucu wako anayekupenda.