Kigari Usikiwashe

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Kile kigari cha Kiingereza usikiwashe, wala usikisogeze.

Injini niliyoifufua kwa miaka mitatu ilitakiwa dakika ishirini za mwanzo ikanyagwe mafuta mfululizo, bila kupunguza, la sivyo shafti mpya, chuma kinachozunguka ndani yake, italika. Nilijua. Lakini asubuhi, nilipoiwasha mara ya kwanza, ulitoka ukaniuliza kitu, kelele zikameza sauti yako, nikaachia mafuta nikusikie. Tukapiga soga wee, injini ikinguruma polepole. Ulipoingia ndani ikaanza kugonga. Shafti mpya imelika. Sina tena nguvu ya kuifumua.

~~Naenda kutafuta shafti nyingine.~~ Naenda kutembea tu. Komeo usifunge.

Uliuliza, "Mzee, safari hii nami nimo?" Nikakujibu umo. Miaka yote nimeondoka safarini peke yangu bila kukusikiliza. Leo nimesimama nikakusikiliza, na gari limekufa.

Mumeo